Nimeiba, Nimeimba

Salha wangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga, na kwa ninavyowajua jamaa zetu, hakuna nyumba itakayokuachia utoke bila kula. Kwa hiyo nina muda mpaka magharibi. Mambo ya chandarua, ya dawa za tumbo, ya kutomwamini mtu atakayejitolea kukubebea begi bandarini, yote nimeshakwambia mara tatu na umeshanijibu "naam, mama" kwa ile sauti yako ya kunitaka ninyamaze. Sitayarudia. Ninalokuandikia ni jambo ambalo sikuweza kukwambia tukiwa tunatazamana, kwa sababu ungeniuliza maswali, na mimi ningekudanganya. Siku hizi nimekuwa hodari wa kudanganya.

Yule "Mjukuu wa Sheikh" katika lile grupu la historia za mitaa ya Unguja ni mimi.

Najua utacheka kwanza. Mwaka mzima umemsoma na kumsifu mbele yangu. "Huyu mzee kawatia adabu, mama," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia, na mimi nikiitikia "ehe" huku nimeinamia kofia ninayoishona. Ulimdhania ni mzee mwenye kanzu nyeupe na kabati la vitabu. Kumbe ni mama yako, ghorofa ya nne hapa Michenzani, simu imeegemezwa kwenye kikapu cha nyuzi, anaandika kwa kidole kimoja na sindano ameibana kwa meno.

Kucheka kukikwisha, soma yaliyobaki.

Kisa cha kasida unakijua, lakini nitakieleza upya kama kwamba hukijui, kwa sababu aliyekufundisha ni mimi, na nilikufundisha vibaya. Babu yangu mzaa baba ndiye aliyeanzisha ile halaka ya zikri kule Mji Mkongwe, na kila mfungo sita, mwezi wa maulidi, watu huisoma kasida yake mpaka wengine hulia. Sisi tumekuzwa tukiambiwa kwamba aliitunga peke yake, kwa usiku mmoja, baada ya ndoto. Mimi sikuwahi kuuliza ndoto gani. Mtu haulizi kitu kinachompa kichwa kikubwa.

Halafu akatokea mtu anayejiita "Mkae wa Kusini". Wakae ndivyo watu wa Makunduchi wanavyojiita, kwa hiyo kwa jina tu nilishamweka mahali pake, mahali pa watu wa shamba. Akaweka picha ya ukurasa wa zamani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama wazee walivyokuwa wakiandika. Chini kabisa, baada ya ubeti wa mwisho, kuna mstari mmoja. Yeye aliusoma hivi: "Maneno ya Mize, mimi nimeiba." Akaandika kwamba Sheikh amekiri kwa mkono wake mwenyewe. Kasida ni ya Bi Mize, mkewe wa Makunduchi ambaye mjini hatajwi, na Sheikh aliiba.

Grupu likawaka moto. Ulikuwepo, uliona. Kuna waliomlaani, kuna waliomwaga nasaba zao mpaka babu wa kumi kana kwamba kuna aliyewauliza, kuna yule bwana ambaye kila posti huandika neno moja tu, "Chanzo?", na admini ambaye kila Ijumaa hutukumbusha adabu na kila Jumamosi hutukana mtu. Mimi niliutazama ule ukurasa siku mbili. Kisha nikajibu.

Baba yangu alinisomesha hati ile nikiwa mdogo, kidole chake juu ya mstari, changu juu ya chake. Aliniambia herufi be haina b peke yake. Inabeba b, inabeba p, inabeba mb, na msomaji ndiye anayejua ipi, kwa kuyajua maneno yanayoizunguka. Neno lile kwa hiyo ni "nimeimba". Sheikh hakuiba, aliimba. Nililieleza hilo kwa urefu, kwa mifano, na kwa kebehi ya kutosha. Watu wakashangilia. Nikamwita yule mtu "Bwana Nimeiba", na jina likamganda siku ile ile.

Juu ya herufi ile nilikuwa sawa, Salha. Ndiyo maana ninaona haya kuliko ambavyo ningeona kama ningekosea. Niliusema ukweli wa herufi moja, nikautumia kuufunika mstari mzima. Kwa sababu hata ukisoma "nimeimba", mstari unasema nini? Unasema maneno ni ya Mize. Mtoto wa chuo cha Kurani angeliona. Na yeye aliliona, akaniuliza kwa upole kabisa, bila tusi: "Nimekubali, nilisoma vibaya. Sasa kama maneno ni ya Mize, na mnasema Mize si mke wa Sheikh, Mize ni nani?"

Sasa nikwambie nilikuwa na nini mkononi. Lile daftari la babu, ninaloliweka chini ya kanga zangu za harusi na ambalo sijakuruhusu uliguse, lina kasida hiyo hiyo kwa mkono wake. Mwisho wake umeandikwa: "Maneno ya mke wangu Mize binti Vuai, mimi nimeimba." Mke wangu. Nilikuwa nimelifungua mapajani wakati ninaandika jibu. Nilikuwa ninausoma mstari ule huku kidole kinaandika kinyume chake, na jibu lenyewe unalijua kwa moyo, kwa sababu nilikusikia ukiwasomea shoga zako kwenye simu mkichekelea:

"Mize hakuwa mke wa Sheikh. Alikuwa mpishi wa maulidi. Na mpishi akizaa, watu wakaulize jikoni, wasimuulize Sheikh."

Vile vijiuso vya kucheka vikamiminika. Ninakiri nilivihesabu. Nilikuwa naamka alfajiri kwa sala na kabla ya sala naviangalia.

Usidhani nilikuwa sijui ninamsema nani. Nilikuwa na miaka tisa au kumi alipokuja mwanamke kutoka Makunduchi nyumbani kwa bibi yangu, mke wa mjini wa Sheikh. Alikuwa amebeba kikapu cha majimbi. Bibi hakumwambia apande juu. Alimkalisha ukumbini karibu na mlango, akaniamuru mimi nimpelekee kahawa. Yule mwanamke akanishika kidevu, akanitazama sana. Alipoondoka, bibi akaniambia nikiweke kile kikombe peke yake, kisichanganywe na vingine. Nikakiweka. Baba aliporudi alikiona, akakichukua, akanywea maji yeye, mbele ya mama yake. Mimi nililiona hilo. Na baada ya kuliona, nilipokuwa mtu mzima, nilichagua kufuata upande wa bibi.

Yule mwanamke ni Bi Mosi. Ni binti wa Sheikh kwa Bi Mize, dada wa baba yangu. Ni shangazi yangu, Salha, wala si wa mbali. Yuko hai, na mimi nimeuandikia ulimwengu kwamba alizaliwa jikoni. Na "Bwana Nimeiba" ni mwanawe, anaitwa Pandu, mwalimu wa shule ya msingi.

Ningeendelea hivyo hivyo, nakwambia kweli. Sikuzinduliwa na dhamiri. Nilizinduliwa na wewe. Siku ile mpwa wa Pandu alipoingia kwenye grupu akiomba tu yale maneno juu ya bibi yao yafutwe, ulitoka chumbani kwako unameremeta, ukanambia, "Mama, nshamnyamazisha."

"Nani?"

"Mjukuu wa mpishi. Tazama nlivomjibu."

Ukanipa simu. Uliandika: "Mjukuu wa mpishi, rudi jikoni, wageni wana njaa." Kwa jina lako kamili, na ile picha yako ya mahafali, umevaa buibui nililokushonea mimi.

Unajua nilihisi nini kwanza? Nilicheka. Nilijisifu moyoni kwamba mtoto ana ulimi kama wangu. Ikapita dakika, nikarudisha simu, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi nilijificha nyuma ya jina la babu yangu. Wewe uliweka uso wako. Ulichokuwa unakisema ulikiamini, kwa sababu aliyekwambia ni mtu uliyemwamini, na alikwambia bila hata kukuonyesha kuwa ni yeye.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia nakwenda Uroa kumpongeza rafiki yangu aliyepata mjukuu. Sikwenda Uroa. Nilikwenda Makunduchi.

Nilidhani nitapata tabu kuipata nyumba. Mtu wa kwanza niliyemuuliza alinifikisha mpaka mlangoni. Bi Mosi alikuwa amekaa kwenye mkeka anatenga mwani uliokauka, vidole vinafanya kazi peke yao, macho yameshakuwa na ukungu.

"Shikamoo, shangazi."

Neno hilo la pili sikuwahi kulisema maishani mwangu. Aliniashiria nisogee, akanishika uso, kidevu kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa kaka."

"Umejuaje?"

"Pua. Pua hiyo tumegaiwa sote, hakuna aliyeikimbia."

Maneno yake ninayaandika kwa lahaja yetu ya mjini. Yeye alizungumza Kikae, na mimi Kikae siwezi kukiandika bila kukiharibu. Alinipa chai na muhogo. Aliniuliza habari za kila mtu, akikutaja wewe kwa jina. Alijua unakwenda bara kusomea uuguzi. Sisi hatukumjua yeye, yeye alitujua sote. Kila alipouliza jambo nilizidi kuona mkeka unanichoma.

Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa. Kuna mtu aliyempelekea, jirani mwema wa aina ile tunayoijua, aliyekwenda kuichapisha kabisa dukani.

"Pandu kakataa kunisomea," akasema. "Anasema si kitu. Jirani nae kanambia nusu nusu. Wewe unavaa miwani, nisomee."

Nikaifungua. Ilikuwa ile sentensi yangu, na lile jina langu la uongo juu yake.

Salha, hapo ndipo nilipopata nafasi ambayo wengi hawapati. Nilikuwa mbele ya mtu niliyemkosea, peke yetu, amenikaribisha, ameniomba ukweli kwa mdomo wake. Nilichotakiwa kufanya ni kusoma kilichoandikwa, kisha kusema ni mimi. Nikasoma hivi:

"Mize alikuwa mke wa Sheikh. Alipenda maulidi. Na wanawe wakiulizwa, waulizwe kwa heshima."

Nilisoma polepole, kwa sauti nzuri, kidole kikipita juu ya mistari kana kwamba kinafuata maneno. Baba yangu aliyenifundisha kusoma angeniona angenikata kidole kile. Niliona ninamhurumia yule mzee. Kumbe nilikuwa najihurumia mimi.

Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, shangazi."

"Umesoma vizuri," akasema. Akairudisha karatasi kwenye fundo lake. "Lakini kwa maneno mazuri hivo, Pandu asingekaa siku tatu hali chakula."

Nikaanza kusema sijui nini, akanikata.

"Mimi kasida siitaki. Imbeni, ni yenu, mama aliitoa kwa mapenzi yake. Pandu ndo aliyeshika kasida, mimi nlimwambia aiwache. Mama aliolewa. Hilo tu ndo n'nalolitaka lisemwe, tena lisemwe pale pale liliposemwa lile. Sio hapa mkekani, kwa sababu hapa mkekani sote tunajua. Mwambie huyo mwenzenu alieandika."

"Nitamwambia, shangazi."

Naam, nilijibu hivyo. Mtu amenifungulia mlango mara mbili na mara mbili nimeufunga kwa mkono wangu.

Pandu alifika nilipokuwa ninaondoka, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Ni mtu mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Mimi nilikuwa nimemjenga akilini kama jeuri mwenye sauti kubwa. Hakunijua ni nani zaidi ya kwamba ni dada yake wa mjini. Nikamuuliza, kama mtu asiyejua, kwa nini ameacha kuandika. Akatabasamu.

"Watoto wa darasa la tano wananiita Mwalimu Nimeiba, dada. Nikigeukia ubao, nnasikia nyuma yangu. Nshaomba kuhamishwa." Kisha akasema, "Lakini yule bwana juu ya herufi alikuwa sawa. Mimi hati ile nlijifunza mwenyewe, sikupata wa kunisomesha. Angelinambia kwa wema ningelimshukuru. Ningelimwomba anisomeshe."

Nilipanda gari sikuaga vizuri.

Ungedhani nilirudi nyumbani nikasema siku ile ile. Zimepita siku nane. Kila siku nilikuwa na sababu: mjomba wako atakasirika, maulidi yanakaribia, wewe unasafiri na si vyema kukuharibia safari. Hiyo ya mwisho niliipenda sana, ilinifanya nionekane mama mwema. Ilivunjika jana, nilipokuona unakunja nguo na unaimba ile kasida kwa sauti ndogo, umesahau kama nipo mlangoni. Nikafikiri kwamba utakwenda nayo huko, utawaimbia wenzako, na watakapokuuliza ni ya nani utawaambia kwa fahari yale yale niliyokwambia mimi. Na wewe ukizaa, utamwambia mwanao.

Leo baada ya adhuhuri nimepiga picha ukurasa wa daftari na nimeuweka kwenye grupu. Sikulifuta lile jibu langu la zamani, nimeandika chini yake, pale pale. Nimetumia jina langu na picha yangu. Nimeandika kwamba mimi Zakia, mtu wa Michenzani, mshona kofia, ndiye niliyejiita Mjukuu wa Sheikh. Bi Mize binti Vuai aliolewa na babu yangu kwa ndoa, na binti yao ni shangazi yangu. Kasida ni maneno yake. Mwalimu aliikosea herufi moja na mimi nilimkosea yeye na mama yake na bibi yake. Sikuwa nimekosea kwa kutojua. Nilikuwa najua.

Neno "nilikuwa najua" lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Mara mbili nililifuta.

Simu haijanyamaza tangu hapo. Wale wale waliokuwa wakimcheka Pandu sasa wananicheka mimi, kwa bidii ile ile, na wameshanibatiza "Bi Nimeiba". Siwezi kulalamika, jina linanifaa zaidi kuliko lilivyomfaa yeye. Mjomba wako amepiga mara nne. Mara ya tano nimepokea. "Umetuvua nguo, Zakia!" Nikamwambia nguo zenyewe hazikuwa zetu. Amekata, na nadhani kesho bandarini hatakuja. Kwa hilo unisamehe, najua unampenda.

Pandu hajaandika kitu. Sitegemei aandike.

Ile yako, ya jikoni na wageni, bado ipo. Siwezi kuifuta, haiko mikononi mwangu, na sitakwambia la kufanya nayo. Nimepoteza haki ya kukuamuru juu ya jambo hili. Nakwambia tu kwamba ukiifikiria huko uendako na ukajichukia, jua kwamba hukuipata mwenyewe. Uliipata hapa nyumbani, kwenye kiti changu. Bibi yangu alinipa kikombe nikiweke kando, na mimi nikakupa wewe.

Desturi yetu ni msafiri kuomba radhi kwa mzazi kabla ya kutoka. Kesho asubuhi utaniinamia, utasema "mama, nakutaka radhi," na watu watakuwepo, na mimi nitashindwa kusema ninachotaka. Kwa hiyo ninaanza mimi, hapa. Nakutaka radhi, mwanangu. Kwa kukudanganya, na kwa kuufurahia ulimi wako ulipomuumiza mtu. Radhi zangu unazo, hazikuwahi kutoka. Zako kwangu sijui, na sikuharakishi.

Pengine umeshaiona hiyo posti hapo ulipo, nyumbani kwa watu, sahani ya biriani mbele yako. Pengine mtu ameshakuonyesha na amekuuliza, "Huyu si mama yako?" Sijui umejibu nini. Ukikataa kwamba ni mimi, nitaelewa. Mimi nimemkana dada wa baba yangu mbele ya Unguja nzima, na nilipofika mlangoni pake aliniita mwanangu. Kwa hiyo wewe una haki ya kunikana mimi mwezi mzima, hata miwili, mpaka wenzako huko chuoni wasahau.

Lakini yeye, Salha, usimkane.

Mama yako, kwa jina langu mwenyewe,
Zakia